Bildad Kaggia: Askari mzaliwa wa Dagoretti aliyeishia kusaga nafaka Makutano

ALIPOFARIKI mnamo Machi 7, 2005, Bildad Mwaganu Kaggia alikuwa amevuka umri wa miaka 80, na wengi wa Wakenya waliozaliwa baada ya uhuru walimjua kwa jambo moja tu: kwamba alikuwa miongoni mwa wale sita waliofungwa Kapenguria pamoja na Mzee Jomo Kenyatta.

Yaliyotangulia Kapenguria, na hasa yaliyofuata, yalikuwa yamesahaulika. Mtu huyu aliwahi kuwa karani wa serikali ya wakoloni, mwanajeshi wa Mfalme wa Uingereza, mwanzilishi wa dhehebu, kiongozi wa wafanyakazi, mhariri wa gazeti, mfungwa, mbunge, mpinzani, mfungwa tena, mwenyekiti wa bodi za kuuza mazao na, hatimaye, mwenye kinu cha nafaka katika kituo cha biashara cha Makutano, Mwea. Ni wachache katika kizazi chake waliopanda na kushuka ngazi nyingi kiasi hicho bila kuacha nyuma mali ya kutajika.

Kaggia alizaliwa mwaka wa 1921 Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Siku hizi Dagoretti ni sehemu ya jiji, na mgeni anayepita Mutuini, Waithaka au Ruthimitu ataona nyumba za kupangisha zikisongamana na vishamba vya mboga na migomba vilivyosalia. Wakati huo hali ilikuwa tofauti. Eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Kiambu, ukingoni kabisa mwa ardhi waliyoachiwa Wakikuyu, na lilitiwa katika mipaka ya Nairobi baada ya uhuru tu.

Ni ardhi yenye historia chungu. Hapo Dagoretti ndipo Kapteni Frederick Lugard alipojenga ngome ya kampuni ya Waingereza mwaka wa 1890 baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Ngome iliteketezwa, nyingine ikajengwa karibu nayo, naye Waiyaki akakamatwa mwaka wa 1892 na kufia njiani akipelekwa pwani. Kaggia alipozaliwa, wazee waliokumbuka mambo hayo kwa macho yao walikuwa bado hai, na upande wa kusini mashamba ya kahawa ya walowezi yalikuwa yamekwisha kuwazingira wenyeji.

Hata hivyo, mtoto huyo hakulelewa Dagoretti kwa muda mrefu. Wazazi wake walikuwa watu wa Murang'a, wilaya ambayo wakoloni waliiita Fort Hall, na baba yake alikuwa mmoja wa maelfu ya Wakikuyu waliohamahama wakitafuta kibarua katika mashamba ya wazungu. Familia ilihamia katika shamba moja la aina hiyo mvulana akingali mchanga. Kwa hivyo, jambo la kwanza ambalo Kaggia alilijua kuhusu ardhi ni kwamba mtu anaweza kuilima maisha yake yote na isiwe yake.

Masomo aliyapata katika shule ya wamishonari wa Kianglikana ya Kahuhia, Murang'a, iliyokuwa na sifa ya kutoa vijana wenye nidhamu na mwandiko mzuri. Alipomaliza, akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Kwa kijana Mwafrika wa miaka hiyo, kazi ya ukarani ilikuwa heshima kubwa. Karani alivaa shati safi, alijua siri za barua za bwana mkubwa, na wazee kijijini walimjia na kofia mkononi awasomee hati zao.

Kisha vita vikaja. Yapata Wakenya 98,000 walihudumu katika majeshi ya Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, baadhi wakiandikishwa kwa nguvu na wengine wakivutiwa na mshahara. Walipigana na Waitaliano nchini Ethiopia na Wajapani nchini Burma, na maelfu walipelekwa Mashariki ya Kati kuchimba mahandaki, kulinda maghala na kuendesha malori. Kaggia alijiunga nao mwaka wa 1942, na kwa kuwa alijua kusoma na kuandika Kiingereza, jeshi lilimtia katika kazi za ofisi na ghala badala ya kumkabidhi koleo.

Safari hiyo ndiyo iliyomgeuza. Aliiona Misri, nchi ya Kiafrika yenye mfalme wake na miji iliyotangulia London kwa maelfu ya miaka. Aliifika Palestina na kutembea katika Nchi Takatifu ambayo wamishonari wa Kahuhia walikuwa wameieleza kana kwamba iko mbinguni. Alikuta mawe, vumbi, wachuuzi na watu wanaogombania ardhi. Alitambua pia kwamba Ukristo ulikuwepo huko kwa karne nyingi kabla ya Mwingereza kuupokea, na kwamba wenyeji waliufuata bila kubadili majina yao wala kuacha mila zao.

Kadhalika aliona jinsi jeshi lilivyowagawa watu. Mwafrika na mzungu walilala katika jangwa lilelile na kuhofia ndege zilezile, lakini malipo, chakula na hema vilitegemea rangi. Mwafrika angeweza kupanda hadi cheo cha sajini na zaidi kidogo, ila hata angepanda vipi, ofisa wa chini kabisa wa kizungu, pengine kijana aliyetoka shuleni juzi, alibaki kuwa mkubwa wake.

Baadaye alipelekwa Uingereza kwenyewe. Huko aliona jambo ambalo serikali ya kikoloni haikutaka mtu kama yeye alione: wazungu wakifagia barabara, wazungu wakibeba mizigo, wazungu maskini waliokaa katika nyumba zilizobomolewa na mabomu na ambao walimkaribisha chai bila kumwita boi. Aliporejea Kenya mwaka wa 1946, hofu aliyofunzwa tangu utotoni ilikuwa imemtoka.

Nchi aliyorudia haikuwa imebadilika. Wanajeshi wa kizungu waliotoka vitani walitengewa mashamba na mikopo nafuu ili waje kukaa katika nyanda za juu. Mwanajeshi wa Kiafrika alipewa kiinua mgongo kidogo, akavaa tena kipande chake shingoni na kuambiwa arudi katika akiba ya kabila lake. Wengi walizitia akiba zao katika vioski, malori makuukuu na vinu vya posho, na wengi wakafilisika kwa kunyimwa leseni au kwa kukosa uzoefu. Ni miongoni mwa hao waliorudi mikono mitupu ambamo kundi la Anake a Forty na baadaye wapiganaji wa msituni walipata watu wao. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China, alikuwa amepigana Burma.

Hatua ya kwanza ya Kaggia ilikuwa ya dini, jambo ambalo wanahistoria wa siasa hulipita haraka mno. Mwaka huohuo wa 1946 alianza kuhubiri Murang'a kwamba Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu bila msimamizi wa kizungu, na kwamba mtu hahitaji jina la kigeni ili abatizwe wala hahitaji kutupa desturi zake. Wafuasi wake walikuja kujulikana kama watu wa Kaggia, na mahubiri hayo yalivuka hadi Ukambani. Kanisa la wamishonari lilimwona kuwa mpotoshaji, nayo serikali ikaanza kumfungulia faili.

Wakati huohuo alihitaji mkate, na mkate wake ulitoka benki, ambako aliajiriwa kuwa karani jijini Nairobi. Mchana aliandika hesabu za fedha za watu wengine. Jioni alipanga mambo ya makarani wenzake, kwa maana alikuwa ameona kwamba karani, pamoja na shati lake safi, hakuwa na haki kumzidi mchukuzi wa makaa. Alianzisha chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara, na mara akajikuta bega kwa bega na Fred Kubai na Makhan Singh, Mhindi Mkomunisti aliyeamini kwamba wafanyakazi wa rangi zote wana adui mmoja.

Mwaka wa 1949 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, ambalo serikali ilikataa kulisajili. Mei 15, 1950, wiki chache baada ya Nairobi kutangazwa kuwa jiji kwa shangwe na hati ya mfalme, Kubai na Makhan Singh walikamatwa. Wafanyakazi waligoma. Kwa zaidi ya wiki moja jiji hilo jipya lilikosa wa kuzoa taka, wa kupika hotelini na wa kupakua mizigo, na polisi wakamwagwa mitaani Pumwani na kwingineko wakiwa na gesi ya kutoa machozi. Makhan Singh hakuachiliwa hadi mwaka wa 1961. Kaggia, aliyebaki nje, alikuwa mmoja wa waliobeba mzigo wa chama.

Makao ya harakati hizo yalikuwa Kiburi House, jengo lililo katika barabara iliyoitwa Grogan wakati huo na ambayo leo ni Kirinyaga. Lilikuwa mojawapo ya majengo machache katikati ya jiji yaliyomilikiwa na Waafrika, na mmiliki wake, jambo linalofaa kutajwa, alikuwa kampuni ya wafanyabiashara wa kuni na makaa. Katika vyumba vyake vyembamba vyama vya wafanyakazi vilipanga ofisi, magazeti yaliandikwa, na wanachama wa KAU walipishana ngazini. Kaggia mwenyewe alihariri gazeti la Kikuyu lililoitwa Inooro ria Gikuyu, la kunoa fikra za wasomaji kama jiwe linavyonoa panga.

Juni 1951 wanamgomo waliteka tawi la KAU la Nairobi kwa kura. Kubai akawa mwenyekiti na Kaggia katibu. Viongozi waliokuwa wakisubiri barua ya majibu kutoka London waliwekwa kando. Nyuma ya tawi hilo kulikuwa na jambo lingine zito zaidi, kamati kuu ya siri iliyosimamia viapo vya umoja na ambayo wanachama wake waliiita Muhimu. Kaggia alikuwa ndani ya kamati hiyo, naye baadaye hakuficha hilo. Alishikilia hadi uzeeni kwamba vuguvugu la Mau Mau lilipangwa na watu wenye akili timamu, na kwamba madai ya wakoloni kwamba lilikuwa wazimu wa washenzi yalikuwa propaganda.

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, baada ya Gavana Evelyn Baring kutia saini amri ya hali ya hatari, malori ya polisi na wanajeshi yalipita katika mitaa ya Nairobi na vijiji vya Kiambu yakikusanya viongozi. Sita kati yao, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko, walipelekwa Kapenguria, mbali na waandishi wa habari na mbali na umati. Jaji mstaafu Ransley Thacker alisikiza kesi hiyo akiwa amelipwa pauni 20,000 na serikali iliyokuwa mshtaki, na wakili D. N. Pritt aliongoza utetezi. Aprili 8, 1953 wote walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini akatoka gerezani kuingia kizuizini.

Lokitaung, karibu na mpaka wa kaskazini, ni mahali ambapo jua peke yake latosha kuwa adhabu. Wafungwa walivunja mawe na kuchimba mashimo. Kenyatta, aliyekuwa na umri mkubwa, alipewa kazi ya upishi. Ungedhani dhiki ingewaunganisha, lakini haikuwa hivyo. Miaka ilivyozidi kwenda, wafungwa vijana na Kenyatta walitengana hata wakawa hawapikiwi chungu kimoja kwa amani, na jeraha hilo halikupona walipotoka. Mwaka wa 1958 wafungwa wa Lokitaung walifaulu kutorosha barua iliyoeleza mateso yao, nayo ikachapishwa London na gazeti la The Observer. Barua hiyo ilizua maswali katika bunge la Uingereza na kuliweka tena jina la Kenyatta vinywani mwa watu, kwani Oginga Odinga alisimama mwaka huohuo katika baraza la kutunga sheria na kumtaja kuwa kiongozi halisi wa Waafrika.

Kaggia aliachiliwa mwaka wa 1961, akiwa na umri wa miaka 40. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu alale nyumbani.

Katika uchaguzi wa 1963 watu wa Kandara, Murang'a, walimpeleka bungeni kwa tiketi ya KANU, naye akateuliwa kuwa naibu wa waziri katika Wizara ya Elimu. Ndipo tatizo lilipoanza. Wapiga kura waliokuwa wakimjia kila Jumamosi hawakuja kumwuliza habari za madarasa. Walikuwa watu waliotoka kizuizini na kukuta ardhi imeunganishwa na kupimwa wakiwa kifungoni, na hati zimeandikwa kwa majina ya wale waliobaki nyumbani wakishirikiana na serikali. Wengine walikuwa maskwota wanaofukuzwa katika mashamba waliyozaliwa.

Serikali mpya ilikuwa imechagua njia ya kununua. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, mashamba ya walowezi yalilipiwa kwa mikopo, sehemu kubwa kutoka Uingereza, na Mwafrika aliyepewa kipande alitakiwa kuirudisha fedha hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kaggia aliuliza, tena na tena, kwa nini mtu alipie kitu alichoibiwa. Alitaka mashamba makubwa yagawiwe wasio na ardhi bila malipo au yaendeshwe kwa ushirika, na akaandika barua rasmi kupinga kufurushwa kwa maskwota. Kenyatta alimtaka achague kati ya kunyamaza na kuondoka. Juni 1964 alikuwa amekwisha kupoteza cheo chake.

Mkutano wa hadhara uliofanyika Kandara mwaka wa 1965 umesimuliwa mara nyingi kuliko tukio lolote katika maisha yake. Rais alisimama mbele ya wapiga kura wa Kaggia na kumhoji hadharani. Alimlinganisha na waliofungwa naye. Kubai alikuwa na nyumba na shamba, Ngei vivyo hivyo, Karumba alikuwa na mabasi. Je, Kaggia alikuwa amejifanyia nini? Swali lilikusudiwa kumwaibisha. Wapo waliocheka. Lakini lilikuwa pia tangazo la sera, labda la wazi kuliko waraka wowote wa serikali uliochapishwa mwaka huo, kwa maana lilipima thamani ya mpigania uhuru kwa kiasi alichofaulu kujikusanyia. Miezi michache kabla yake, Februari 24, 1965, rafiki yao Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake jijini Nairobi, kwa hiyo Kaggia hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mzaha ule ulikuwa mzaha mtupu.

Machi 1966 KANU ilikutana Limuru. Nafasi ya Odinga ya makamu wa rais wa chama ilifutwa na mahali pake pakawekwa makamu wanane wa mikoa. Kaggia aligombea nafasi ya Mkoa wa Kati na kumshinda James Gichuru, kisha kura ikarudiwa na Gichuru akatangazwa mshindi. Hapo aliondoka. Alijiunga na Odinga katika chama kipya cha KPU na kuwa naibu wa kiongozi.

Waliohama walilazimishwa na sheria iliyopitishwa haraka kurudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo Kaggia alibwagwa vibaya na Taddeo Mwaura wa KANU. Kura hizo hazikuwa za haki hata kidogo, kwa kuwa wapinzani walinyimwa redio, vibali vya mikutano na hata usalama barabarani. Hata hivyo, itakuwa si kweli kusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Wakikuyu wengi walioafikiana naye kuhusu ardhi waliogopa kusimama upande wa pili wa Kenyatta, na baadhi walikuwa tayari wamepata vipande vyao na hawakutaka mtu wa kuvitilia shaka.

Mwaka wa 1968 alipatikana na hatia ya kuhutubia mkutano usio na kibali Nyanza Kusini, akahukumiwa mwaka mmoja. Rufani ilipunguza kifungo hadi miezi sita. Alikuwa amefungwa na serikali mbili katika maisha yake, moja ya wageni na moja ya wenzake.

Agosti 1969, mwezi mmoja baada ya Tom Mboya kuuawa na nchi kuanza kugawanyika kwa viapo vya kikabila, Kaggia aliiacha KPU akarejea KANU. Odinga alibaki, na kabla ya mwisho wa Oktoba risasi zilikuwa zimepigwa Kisumu, KPU imepigwa marufuku na viongozi wake wamewekwa kizuizini. Wapo ambao hawakumsamehe Kaggia. Walisema amenunuliwa. Bei, kama ilikuwepo, ilikuwa duni: alishindwa tena alipojaribu kurudi bungeni, hakupewa wizara, na mashamba aliyodhihakiwa kwa kuyakosa hakuyapata.

Alichopewa ni kazi ya kuuza. Katika miaka ya 1970 aliteuliwa mwenyekiti wa bodi ya kununua na kuuza pamba, kisha wa Bodi ya Mahindi na Mazao. Watu humtaja Kaggia wa Kapenguria na Kaggia wa KPU, na miaka hiyo ya bodi hupita kwa sentensi moja, kana kwamba ilikuwa likizo. Haikuwa.

Pamba ilimrudisha kwa wakulima wa Nyanza, mkoa alikokamatwa akihutubia. Mkulima alipeleka magunia yake katika kituo cha ushirika, yakapimwa na kutenganishwa safi na chafu, yakapelekwa kinuni ambako nyuzi zilitolewa mbegu. Nyuzi ziliuzwa kwa viwanda vya nguo, na mbegu zikakamuliwa mafuta. Kila aliyeishika pamba njiani alikata chake, na mkulima, ambaye alikuwa wa kwanza kutoa jasho, alikuwa wa mwisho kulipwa. Malipo yalipochelewa msimu mzima, mtu aling'oa pamba akapanda mahindi.

Mahindi nayo yalikuwa na historia yake, ambayo askari wa zamani hangekosa kuijua. Wakati wa vita, alipokuwa Mashariki ya Kati, serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa mahindi na kumlipa mlowezi bei kubwa kuliko Mwafrika kwa gunia lilelile. Uhuru uliondoa ubaguzi huo wa bei, lakini udhibiti ulibaki. Bodi ndiyo iliyokuwa mnunuzi halali, bei ilipangwa na serikali, na kusafirisha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Kibali chenyewe kikawa bidhaa. Ngei, mfungwa mwenzake wa Lokitaung, alikuwa ameiongoza bodi ya mahindi iliyotangulia hiyo, na mwaka wa 1966 alisimamishwa uwaziri kwa muda wakati tume ilipochunguza uhaba wa mahindi na namna yalivyouzwa, kabla ya kurejea serikalini.

Kaggia alikaa juu ya kiti hichohicho ambacho wengine wamekitumia kutajirika. Aliondoka bila kashfa na bila utajiri. Ikiwa swali la Kandara lilistahili jibu, huenda lilijibiwa hapo, katika ofisi yenye mihuri na vibali, ambako hakuna umati wa kushangilia. Mwaka wa 1979 bodi hiyo iliunganishwa na ile ya ngano na kuwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Ile sheria ya kuzuia mahindi kuvuka wilaya ilidumu hadi miaka ya 1990.

Mwaka wa 1975 alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom, kilichochapishwa na East African Publishing House. Kinaanzia kuzaliwa kwake na kukoma 1963. Mwandishi alikuwa na mengi ya kusema kuhusu miaka 12 iliyofuata, lakini Kenyatta alikuwa bado mamlakani, na ni mwaka huohuo wa 1975 ambapo J. M. Kariuki, mbunge aliyelia kilio kilekile cha ardhi, alikutwa ameuawa katika vilima vya Ngong, si mbali na Dagoretti. Msomaji atajua mwenyewe kwa nini kitabu kiliishia pale kilipoishia.

Sehemu ya mwisho ya maisha yake aliishi kwa utulivu, akiendesha kinu chake Makutano, pale barabara ya kutoka Nairobi inapogawanyika, moja ikienda Embu na nyingine Nyeri. Wanawake walileta debe zao za nafaka, zikapimwa, wakalipa, wakaondoka na unga. Waandishi wa habari waliomfuata huko kila Oktoba ilipokaribia walimkuta mzee mrefu wa maneno machache, asiyeomba chochote, ila hakubadili kauli yake hata kidogo kuhusu waliopata ardhi na walioikosa. Wengi walirudi Nairobi wakiandika kwamba anaishi katika umaskini. Yeye alijihesabu kuwa mtu anayefanya kazi.

Aliishi kuona mambo mawili ambayo huenda hakuyatarajia. KANU iliondolewa mamlakani kwa kura Desemba 2002. Na mwaka wa 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliondoa rasmi marufuku iliyowekewa Mau Mau na wakoloni, ambayo serikali mbili za Wakenya zilikuwa zimeiacha katika vitabu vya sheria kwa miaka 40. Hadi siku hiyo, kwa mujibu wa sheria, kamati aliyoitumikia ilikuwa kundi haramu.

Wenzake walikuwa wamemtangulia mmoja baada ya mwingine. Kung'u Karumba alitoweka nchini Uganda mwaka wa 1974 na hakuonekana tena. Kenyatta alifariki 1978, Kubai 1996, na Ngei Agosti 2004. Baada ya Kaggia alibaki Achieng Oneko peke yake, naye akafariki Juni 2007. Oktoba 20, siku ambayo wote sita walikamatwa, iliendelea kuitwa Siku ya Kenyatta hadi katiba ya 2010 ilipoibadilisha jina na kuiita Siku ya Mashujaa.